Ile ya Wokovu

Jumapili nilisimama tena.
Bwana asifiwe, nikasema, nao wakajibu Amina
kabla sijafika popote, maana ushuhuda wangu
wanaujua kama njia ya kisimani:
mwezi wa nane, mto Kuywa, maji rangi ya chai,
mchungaji Walubengo amenishika kisogo,
nikazama mlevi, nikaibuka Ndugu Mukhwana.
Miaka kumi na mmoja. Hata saa naitaja.

Jumatatu ni soko la Chwele.
Nikafungua kibanda, nikafungua gunia,
nikatoa gorogoro yangu.
Akaja mtoto wa Nasambu, yule wa pili,
sweta ya shule imefungwa kwa pini,
noti na sarafu zimelowa jasho kiganjani.
"Mahindi, gorogoro moja."
Kisha, akiviambia vidole vyake vya miguu:
"Mama amesema usipimie ile ya wokovu.
Uazime ya jirani."

Ile ya wokovu.
Kumbe ina jina.
Kumbe soko zima, toka wauza omena
mpaka fundi wa baiskeli pale kwa lango,
wanakijua kitako nilichokigonga kwa nyundo
kikaingia ndani kama tumbo la mbwa wa msiba,
nafasi ya ngumi moja tu, na ngumi yangu ni ndogo;
kila gunia likanizalia gorogoro mbili zisizo na mama.
Nilikigonga mwaka wa pili wa kuokoka.
Si kabla. Ningependa iwe kabla.

Usiku huo sikuomba. Nilihesabu.

Niliacha busaa: kweli,
ila daktari wa Webuye alikuwa amenionyesha kidonda cha tumbo
wiki tatu kabla ya mto.
Niliacha wanawake: kweli,
nao walikuwa wameshaanza kuniacha, upara ulipobisha hodi.
Nilimsamehe Khisa ule mpaka wa shamba
nilipokwisha kushindwa kesi.
Na sadaka ya mavuno sijaruka hata mwaka,
gorogoro ishirini, mbele ya madhabahu,
Mungu naye nikampunja kama wateja wengine.

Nikatafuta kitu kimoja,
kimoja tu, nilichokiacha kikiwa bado kitamu.

Taa ya sola ikafifia.
Nikamkumbuka baba mdogo Wekulo,
aliyetunyang'anya ng'ombe baba akiwa hajaoza kaburini,
na jinsi nilivyomwosha mwezi mzima, mgongo una vidonda,
akinitukana mpaka pumzi ya mwisho.
Hakuna aliyeniona. Sijawahi kuutolea ushuhuda.
Sijui hata kwa nini nilikwenda.
Hicho sijui nikiweke upande gani.

Kabla ya jogoo nikachukua nyundo ile ile,
nikaipakata gorogoro, nikaanza.
Sauti ya Namalwa ikatoka kitandani,
wala hakuwa na usingizi:
"Unagonga kuingia, au kutoka?"

Nyundo ikabaki hewani.
Miaka yote hiyo amelala na mimi,
amepika ugali wa ngumi zile,
ameimba sauti ya pili kwenye kwaya.
"Kutoka," nikamwambia.
Hakusema kitu. Akajigeuzia ukuta.

Bati lina kumbukumbu.
Lilitoka, lakini limebaki na mkunjo;
nikalijaza maji, nikayamimina katika ya jirani,
yakapungua vijiko viwili.
Vijiko viwili, nikagonga mpaka nyundo ikachomoka mpini.

Alhamisi mtoto wa Nasambu alipita,
akaenda moja kwa moja kwa jirani.
Sikumwita.
Akaja mgeni, mama wa Kimilili,
asiyelijua kopo wala jina lake.
Nikampimia, nikakata juu kwa ubao,
nikachota kiganja cha nyongeza badala ya vijiko vile,
na mkono, acha niseme ukweli,
mkono ulisita juu ya mfuko wake
kama punda kwenye daraja jipya,
kisha ukafunguka.