Kazi Namba Arobaini na Moja

Wametupa chumba cha chini, kile cha ramani kuukuu,
na biskuti za Mai Nhia, na rundo la karatasi
ambazo hakuna aliyeziandika kwa ajili yetu.
Si za mtihani. Ni kazi za darasani, za Februari,
theluji ya Duluth ikiwa imefika madirishani,
kazi za watu waliotoka zamu ya usiku
wakaandika na buti zao miguuni.
Majina yamefunikwa kwa utepe mweusi.
Zimebaki namba.

Mbele ya kila mmoja wetu, jedwali moja:
safu tano, ngazi nne,
maneno tuliyoyagombea tangu majani yaanze kupukutika.
"Waziwazi" peke yake lilitula Ijumaa mbili.
Torvald alitaka "kwa usahihi."
Leona akauliza, usahihi wa nani?
Mimi nilitaka kwenda nyumbani.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake;
kipara cha Torvald kinang'aa chini ya taa
na bado ana zake.

Tunasoma kimya. Tunaandika tarakimu.
Kisha, kwa ishara, tunafunua kama wacheza karata.
Tatu, tatu, mbili, tatu.
Mbili, mbili, tatu, mbili.
Tunaanza kuamini kwamba tuna jicho moja.

Halafu arobaini na moja:
chumvi ambayo jiji humwaga barabarani,
na kiasi gani hufika kijitoni.
Torvald, moja.
Leona, nne.
Mai Nhia anairudisha biskuti sahanini.

"Ukurasa wa pili," anasema Torvald,
"amezidisha palipotaka kugawanywa.
Kwa hesabu hii kijito kizima ni jiwe la chumvi."
Leona habishi. Anafungua ukurasa wa nne,
anasoma polepole, kama mtu aliyeletewa barua:

*Hesabu yangu ya juu haiwezi kuwa kweli.
Jumapili nilikwenda kijitoni. Kulikuwa na samaki.
Nimerudia. Ile ya kwanza siifuti,
ili uone nilikopotelea.*

Bomba la joto linagonga ukutani.
Napitisha kidole kwenye jedwali letu:
ushahidi, mpangilio, lugha, vyanzo, hitimisho.
Hakuna safu ya aliyegeuka akarudi.

"Angefuta tu," anasema Torvald, "ningempa tatu."
Kisha akajisikia alivyosema.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa,
akaomba karatasi irudi kwake.

Tulibishana hadi kahawa ikafanya utando.
Tukakubaliana tatu, Leona akiwa amenuna.
Pembeni mwa jedwali, nje kabisa ya mistari,
Mai Nhia aliandika kwa penseli: *samaki?*
Hakuna aliyemwambia afute.

Ghorofani walitaka tarakimu moja. Tukawapa:
asilimia sitini na nane wamefikia lengo.
Arobaini na moja yumo humo, mahali fulani,
na hatajua kamwe kwamba watu wazima wanne
waligombania samaki wake asubuhi nzima ya Mei.

Nilirudi kwa miguu. Darajani nikashuka,
nikapiga goti penye mawe, barafu ya mwisho ikiyang'ang'ania.
Nikachovya kidole, nikakilamba.
Chumvi sikuionja.
Lakini mimi kipimo changu ni ulimi tu,
na maji yalikuwa meusi,
nikakaa kidogo zaidi, nikiangalia.