Sufuria Hairudi Tupu

Baba alikwenda kupiga kura na kalamu yake mwenyewe.
Penseli ya serikali, alisema, imefungwa uzi kama mbuzi,
na kilichoandikwa kwa penseli kina mwenye kifutio.
Alivaa koti la mazishi. Mvua ya bonde letu,
ile isiyonyesha wala kukoma,
ilimlowesha mabega mpaka mlango wa kanisa.
Miaka arobaini na mitatu ya Muungano;
alikaa ndani dakika mbili.
Alipotoka hakusema neno. Alinunua soseji.

Waandishi wa habari walikuja kutoka London
na viatu visafi, wakamwuliza kwa nini.
Akawaambia: mipaka.
Kaka yangu Emrys akapiga simu kutoka Bristol, anafoka.
Akamwambia: pesa, wewe hujui pesa zinakokwenda.
Daktari akaambiwa: samaki.
Samaki! Sisi tuliozaliwa kwenye makaa na chuma,
na baba tangu nimjue humwachia paka ngozi na nusu ya nyama.
Kila aliyeuliza alipewa kiasi chake,
kama mtu anayegawa chenji.

Mimi nilipewa jibu la kweli, au la mwisho,
usiku, tukimenya viazi.

"Walipofunga kiwanda hawakuniuliza.
Walipoliangusha bomba la moshi
nililitazama kwa dirisha la choo. Hawakuniuliza.
Kisha wakajenga lifti ya kioo, bondeni hadi mtaa wa juu,
wakabandika kibao cha buluu chenye nyota:
tumewajengea.
Nani aliomba lifti? Miguu ninayo.
Sina pa kwenda.
Safari hii wameniuliza.
Na mtu akiulizwa mara moja katika umri wake
hajibu swali aliloulizwa.
Hujibu yote."

Nikamwambia waliofunga kiwanda si hao wa nyota.
"Najua," akasema. "Lakini hao wengine
hawakuwemo kwenye karatasi."
Viazi vilikuwa vidogo, vyataka macho.
Tukamenya.

Matokeo yalitoka Ijumaa,
na Ijumaa ndiyo siku ya Danuta.
Tangu mama afariki hutuletea supu ya kiazisukari chekundu
katika sufuria yenye kifuniko cha zambarau,
akitoka zamu ya usiku kufungasha nyama.
Barabarani honi zinalia, mwanamume amejifunga bendera
na amelala kwenye ngazi za benki iliyofungwa.
Danuta hakubisha hodi.
Aliiweka sufuria juu ya ukuta, akaenda zake.
Chumvi ilikuwa ileile.
Baba aliinywa amesimama.

Sufuria hairudi tupu, mama alikuwa akisema.
Baba akaiosha, akaikausha mara mbili,
akachimba viazi vipya, akaijaza, udongo na yote.
Nilimfuata nyuma kwa sababu sikumwamini.

Danuta akafungua mlango nusu.
"Idwal," akasema, "ulipiga wapi?"

Aliyemgawia kila mtu,
mipaka, pesa, samaki,
akajipapasa mifuko ya koti
kama chenji imemwishia.

Ni mtoto, Kuba, aliyeipokea sufuria kwa mikono miwili,
akashukuru kwa Kiwelisi cha shuleni,
lugha ya babu zetu
ambayo baba hakufundishwa.

Mwaka wa pili goti lake lilimtupa.
Sasa hupanda kwa lifti, akitazama pembeni.
Kibao mtu amekifungua usiku; yamebaki matundu manne ya skrubu
na mstatili wa ukuta uliokuwa safi kuliko mwingine.
Emrys huja Krismasi, hawazungumzii.
Danuta alihama mwezi wa tatu, Kuba akiwa na jino jipya,
kwenda kwa dada yake, mji ambao baba huutamka vibaya.
Supu ya mwisho aliileta Alhamisi.

Sufuria iko juu ya kabati letu, kifuniko kimepinduliwa.
Ni zamu yetu.