Kabla ya Ngumi

Kaptembwa, saa kumi na mbili, sakafu baridi kama chuma.
Mwalimu Simiyu anahesabu Kijapani chenye lafudhi ya Bungoma.
Zungusha vifundo. Ndani. Nje.
Changu cha kulia hulia ta! kama kijiti kikavu.
Sasa kunja: kidole cha mwisho kwanza,
dole gumba lije juu, lifunge mlango.
Fungua. Kunja. Fungua, mara hamsini,
mpaka viganja vitoe mvuke.

Nyumbani, baba amekaa na ngumi yake ya kushoto
aliyoikunja siku ya kiharusi,
miaka thelathini ya magunia ya pareto ndani yake.
Naishika. Nahesabu vilevile,
ichi, ni,
ila kinyumenyume, gumba kwanza.

Leo kidole kimoja kimelegea.
Uji umepoa, hatuna habari.