Zamu ya Alhamisi

Daftari li mkononi
la jalada la kijani,
lanuka uji pembeni
na sabuni ya kufua.

Ndilo la kundi la zamu,
sote wenyeji wa Lamu,
kumi na saba timamu,
hospitali twaingia.

Hatuna koti jeupe
wala sindano tukupe;
kwa pepeo tukupepe,
uji, unywe ukipoa.

Bi Maka hupika uji,
Somoe huchota maji,
Zeituni msomaji,
hati mbaya huijua.

Kila mwezi tunachanga
shilingi mia na unga;
asiye nacho hupanga
nguo, au huzifua.

Wapo waliotucheka:
"Hawa wana la kutaka,
kura zitakapofika
majina watayatoa."

Kura zikaja, zikenda,
sisi tupo na vitanda,
na mwenye jasho na donda
mkono twamshikia.

Watu huja toka Faza,
mgonjwa wamemlaza,
kibarazani huwaza
usiku ukiingia.

Mama mmoja wa Ndau
hana jamvi angalau,
miwani kaisahau;
Barke akamchukua.

Siku tisa kwa Bi Barke,
mumewe kahama zake
dukani, na shuka lake,
akalalia gunia.

Yuko aliyetutoka
boti kabla ya kufika
ya mamaye; akashuka,
sisi tumemngojea.

Hatukutafuta neno,
tulimpa tu mkono;
saa tatu hata tano
Maka kamkumbatia.

Sasa niseme la moyo.
Mle sikutia hayo,
si kwa hofu, si uchoyo,
kalamu ilikataa.

Zamu yangu Alhamisi,
naamka kwa wepesi,
napisha punda mweusi
saruji anachukua.

Muuguzi kaniita:
"Nenda kitanda cha sita,
yupo mtu, ana vita,
watu anawafokea."

Pazia likanipisha,
sura ikanishitusha:
Fathiya! Hakubakisha
kitu, aliponitoa.

Ndiye mke mwenza wangu;
akaja, funguo zangu,
kabati na vyungu vyangu,
vyote akajitwalia.

Mwaka wa kumi na mbili
twapishana kwa ukali,
salamu hatukubali
hata Idi 'kiwadia.

Sasa huyu, mifupa tu,
hana mwana, hana mtu,
mume yuko kwa wa tatu,
simu hajaipokea.

Kanitazama usoni,
kasema, "Wataka nini?
Kunicheka kitandani?
Haya, cheka, utapoa!"

Nami kweli nilitaka,
moyoni nilishacheka;
shuka likateremka:
leso yangu amevaa.

Ile yenye mkorosho,
nilonunua kwa jasho,
rangi imefika mwisho,
jina lilishapotea.

Nikakaa ukingoni,
kijiko ki mkononi:
"Matusi weka pembeni,
uji wako unapoa."

Cha kwanza, kisha cha pili,
cha tatu akakubali.
"Uji huu si ugali?
Nani amewapikia?"

Tukacheka. Sio sana.
Hatukusameheana,
hayo yake Maulana;
yangu, kijiko kutia.

Juma lililofuata
kitanda nilikikuta
shuka jipya, wamefuta,
jina wameliondoa.

Nesi kaja na mfuko,
kasema, "Huu ni wako.
Katoka jana, hayuko,
shangazi kamchukua."

Leso ndani, ile ile,
ina udi wake ule;
kipande kimoja, kile
cha pili kajiwekea.

Nimeitia kabati;
sijui kama ni hati
ya deni, au ni cheti
cha mambo kumalizia.

Jioni nikaandika:
"Sita, mgonjwa katoka.
Sukari imepunguka.
Sabuni tutanunua."