Jina Langu Kwenye Hati

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga.
Hawakusema mpe shamba.

Birgit alishika jembe miaka kumi na minne
pale Shanty Town, ambako hakuna kibanda hata kimoja.
Alipanda waridi.
Aling'oa magimbi yangu akidhani ni magugu,
akaja jikoni na udongo kuchani:
"Nisamehe, Restituta, sikujua kwamba yanalika."

Nyumba aliinunua yeye.
Fedha zilitoka kwao, benki ikachelewa wiki tatu,
muuzaji akapandisha bei mara mbili,
mwishoni akataka na pikipiki.
Kisha sheria: mgeni hamiliki ardhi.
Wakili Mshiu wa Barabara ya Boma akakohoa,
akasema kila mlango una dirisha lake la uani,
akanitazama mimi niliyebeba trei.
"Huyu anajua kuandika jina?"

Niliandika.
Restituta Anselm Mallya.
Herufi ya kwanza kubwa kuliko zote,
kama mtoto aliyesukumwa mbele kwenye picha.

Sasa sikia kichekesho.
Kwetu Kibosho kihamba kina migomba, kina kahawa ya babu,
makaburi matatu, mfereji wa zamu,
na masale yamesimama mpakani, mabichi hata kiangazi.
Baba alipofariki kaka mkubwa alipata upande wa juu,
kitinda mimba akapata nyumba,
wa katikati wakapata nauli ya Dar.
Mimi nilipata sufuria.
"Binti ana kwake," walisema.
Na huko kwangu, mama mkwe akiwaambia majirani:
"Huyu ni wa kuja."
Hati ya kwanza maishani mwangu
nikapewa na Mdenmaki,
na si yangu.

Kila mwaka bili ya kodi ya pango ilikuja kwa jina langu.
Karani wa ardhi alinyanyuka kidogo kitini:
"Karibu, mama mwenye nyumba."
Nikampa fedha za Birgit,
nikapokea risiti yangu,
nikapita sokoni kununua karoti za supu ya Birgit.

Usiku mmoja alikuja jikoni na gauni la kulalia, nywele timutimu.
"Resti, ukitaka kunifukuza utaanzaje?"
"Nitaanza na paka."
Tulicheka.
Lakini taa ya chumba chake haikuzimwa mpaka alfajiri.
Hofu ile naijua. Nililala nayo miaka sita
kitanda kimoja, mimi na yeye na mume.

Alifia KCMC, masika yakianza,
mlima haujaonekana siku tisa.
Nilimfunga kitambaa kichwani mwenyewe,
muuguzi akauliza, "Wewe ni nani yake?"
Nikajibu nini? Mwenye nyumba wake?
Mpishi wake?
Nikasema, "Tunaishi pamoja."

Mwanawe akaja. Lasse.
Nilimwona kupitia dirisha la jikoni:
mrefu, bahasha kwapani, viatu vimejaa tope jekundu,
na mkononi ufunguo wa mama yake,
ule wenye uzi wa kijani niliousuka mimi.
Aliutazama.
Hakuutumia.
Akabisha.
Akasema kwa maneno aliyokariri ndani ya ndege:
"Samahani, mama. Naweza kuingia?"

Miaka kumi na minne, mlango ule ule,
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Hati iko kabatini, chini ya kanga mbili.
Kwenye bahasha ile najua kuna karatasi ya kusaini,
na huenda kuna bei ya saini,
na huenda hakuna.
Nilifumbua kinywa niseme karibu,
neno lile lile nililolisema kwa mshahara,
nikalikuta zito,
kama mtungi ambao jana ulikuwa mtupu.

"Subiri kidogo," nikasema.
Maziwa yalikuwa yanafurika.