Kibandiko cha Mlangoni

Mwalimu Anyosisye amekuja gereji, hapa Uyole,
na milioni kumi na tatu za mkopo
na swali moja: ipi inadumu?
Nimempa ndoo aigeuze, aikalie.
Swali hilo halijibiwi mtu akiwa amesimama.

Nisani ya mchungaji wa Igawilo
ilikuja iking'aa kama sahani ya harusi.
Mwaka wa tatu giaboksi ikaanza kusita
pale Mlima Nyoka, katikati ya malori ya Zambia,
inaunguruma haiendi, kama mtu anayetafuta jina.
Siitukani gari. Nasema nilichokiona
nilipofungua sampo: mafuta meusi, yanatoka kama uji wa ulezi.

Subaru ya kijana wa Mafiati, ah,
ile inapanda Isyonje kama inadaiwa.
Lakini inakunywa, mwalimu. Oili inakunywa, petroli inakunywa,
na siku gasketi ya hedi ikiungua
ada ya mtoto imekwenda, muhula mzima.
Inapendwa, sikatai.
Kupendwa na kudumu ni spea mbili tofauti.

Proboksi ni punda.
Lugano anabebea ndizi kutoka Kiwira, mwaka wa sita huu,
mikungu imesogea mpaka inamgusa shingo,
shokapu za nyuma zililala zamani,
na asubuhi ya Juni, umande umeganda mweupe juu ya boneti,
anazungusha ufunguo mara moja tu
inaitika.

Mwalimu anaandika kama anayesahihisha mitihani.
Ameuliza kilomita. Nimecheka.
Kilomita, mwalimu, zinajua kutembea kinyumenyume.
Gari inatoka bandarini na laki mbili
inafika Makambako na elfu sabini.
Usisome dashibodi. Soma pedeli ya breki,
mpira umelika kiasi gani.
Soma ukingo wa kiti, pale paja la dereva linapoingilia.

Kisha nimempeleka nyuma, kwenye Korola ya baba.

Fungua mlango. Pale pembeni
pana kibandiko cha Kijapani:
mtu fulani, kwa mwandiko mwembamba,
alibadili oili akaandika 61,240.
Chini yake baba ameandika 66,200
kwa kalamu nene ya kuandikia magunia.
Kibandiko kilipojaa akabandika karatasi ya daftari,
na nyingine juu yake, na nyingine,
elfu tano, elfu tano, elfu tano,
hakuruka hata mwaka ule viazi
vilipouzwa Mwanjelwa kwa bei ya kutupa.
Kwenye 288,000 mwandiko unabadilika.
Unaoendelea ni wangu.

Mwalimu amegusa karatasi kwa kidole,
hakuuliza.

Nimewasha. Ndani ya dashibodi mwanamke akazungumza
sentensi moja ya kwao, taratibu, kwa adabu.
Miaka kumi na tatu mama anamjibu,
"Ndaga fijo," akiamini ni dua ya safari.
Mwaka juzi mhandisi wa barabara, Mjapani,
alikuja kuziba pancha, akaingiza kichwa dirishani,
akasikiliza, akacheka hadi akashika paa:
anasema kadi haijaingizwa.
Kadi gani?
Ya kulipia barabara. Za kule.

Mama sijamwambia.

"Kwa hiyo ipi?" mwalimu ameuliza tena, kwa sauti ndogo,
macho yake yakiwa kwenye Korola.
Hiyo haiuzwi. Nimempa namba ya Lugano,
ana shemeji yake Tukuyu anauza Proboksi ya fedha;
nimemwambia aende asubuhi sana, injini ikiwa baridi,
aiwashe mwenyewe, asiwashiwe.
Ameondoka na kalamu yangu.

Saa kumi mvua imeanza, mama amekuja
nimpeleke Rufaa, kliniki ya macho.
Ameingia, amekung'uta kitenge.
Nimewasha. Yule mwanamke akasema lake.
Mama akavuta mkanda, akatafuta tundu kwa vidole:
"Ndaga fijo, mwanangu."