Mchumia Juani

Filamu ilikuwa ya safari ndefu, Malindi hadi Moyale:
siku tisa, penzi moja, mvua moja, kifo kimoja.
Pesa za petroli zikatosha Mambrui.
Jumwa akakuna kichwa, akafunga daftari, akasema:
"Basi tutakwenda Mambrui mara tisa."

Na tukaenda.

Gari ni la kaka yangu Famau, Haisi kuukuu
iliyowahi kusambaza mikate Barani na Maweni.
Ukiifungua siku ya joto
bado inapumua hamira.
Yeye ndiye aliyeing'oa rafu, akaivika mahameli,
dari jekundu kama ndani ya komamanga,
taa za buluu uvunguni mwa viti, pazia la shanga,
na ubavuni tausi, kila jicho la mkia wake
kioo cha pikipiki iliyokufa.
Miaka mitatu ya mshahara. Mama akasema,
mwanangu kaoa bati.
Kwenye paji la uso akaandika kwa mkono wake
MCHUMIA JUANI.
Nyuma angemalizia.
Viza ikatoka kabla rangi haijakauka.
Sasa yuko Damamu, anaendesha gari la mtu,
jeupe, halina hata kibandiko.

Kamera ni simu ya Jumwa
imefungwa kwenye boneti kwa mpira wa tyubu.
Maikrofoni ya Tsuma, soksi juu ya mpini wa ufagio.
Mimi dereva, mimi mpenzi, mimi marehemu,
kwa kuwa mwenye leseni ni mimi.

Daraja la Sabaki tulilivuka hadi likatuchoka.
Asubuhi tuliliita Garisa, adhuhuri Isiolo,
alasiri, maji yakiwa mekundu kwa udongo,
Jumwa akanong'ona: hapa ni mpakani, usicheke.
Malori ya chumvi yakatupita yakitupigia honi.
Watoto wa kando ya njia wakatuzoea,
wakaacha kupunga mikono;
ikabidi tushuke tuwaombe
watushangae tena.

Safari ya saba injini ikazima katikati ya daraja.
Hilo halikuwa kwenye daftari.
Nikafungua mlango wa nyuma kutafuta spana
na bawaba ikalia, mlio mrefu, mwembamba,
kama mtu anayekumbuka jambo usingizini.
Tsuma akainua kidole: tena.
Nikafunga. Nikafungua.
Chini ya kiti, kopo la rangi nyeupe,
limeganda jiwe, brashi imesimama wima ndani yake.
Nililishika sijui muda gani.
Jumwa hakusema kata.

Dakika thelathini na moja, ndiyo filamu yote.
Tuliionyesha juu ya shuka, uani kwa fundi wa radieta.
Gari lilipotokomea, mgongo wake mtupu,
mtu gizani akapaza sauti: "Hulia kivulini!"
na ua mzima ukacheka,
nami nikacheka, nikitazama chini.

Nikamtumia Famau.
Siku mbili kimya.
Ya tatu ikaja sauti yake, kiyoyozi kikinguruma nyuma:
"Nimeona. Ile bawaba ya mlango wa nyuma, itie grisi."

Kisha kiyoyozi peke yake, sekunde kumi na nne,
nimezihesabu.

"Au basi. Iache ilie."